Mahindi Niliyoyaosha Birmingham

Tangu nirudi, kila anayepita hapa gereji ananiuliza mambo matatu yale yale: baridi ilikuwaje, ulikula nini, na dada yako alipewa jiko au hakupewa. Nimejaribu kusimulia, lakini Salehe fundi breki hunikatiza kabla sijatoka uwanja wa ndege. Kwa hiyo nimeandika. Salehe, karatasi haikatizwi. Ukichoka, iweke chini ukafunge matairi.

Kwa msiomjua, Zaina ni dada yangu mkubwa, na huu ni mwaka wake wa kumi na tatu Birmingham, Uingereza. Alianza kwa kufunga mizigo ghalani, mtaa wa Aston, amesimama kutwa mpaka miguu inavimba. Baadaye akapata kazi ya kuosha vyombo katika mgahawa wa Kimeksiko wenye meza tisa, viti visivyofanana na pilipili kila mahali. Kutoka kwenye vyombo akaingia kwenye vitunguu, kutoka kwenye vitunguu akaingia kwenye sufuria. Mwenye mgahawa ni mjane wa Kimeksiko ambaye wote humwita Mama Lucha. Ikambidi arudi kwao kumuuguza mama yake, na hakujua atakaa muda gani. Akasema waziwazi: ama amwachie Zaina jiko, ama afunge. Na kitakachoamua ni chakula cha mchana cha Jumamosi moja.

Dada akanipigia simu. "Njoo, Hamisi. Nikipewa, nataka mtu wa kwetu aone. Nikinyimwa narudi ghalani, na nitataka mtu wa kulia naye Kisambaa."

Mnanijua. Shule niliiacha darasa la sita nikafuata lori la Lubumbashi, nikitaka tu kuona ile barabara inaishia wapi. Tangu hapo sijakaa mahali pamoja miaka miwili. Nikafungasha. Habari za viza na tiketi naziruka. Zilinichosha kuzishughulikia, sitaki zinichoshe tena kuziandika.

Istanbul, saa kumi na nne za ukungu

Ya Korogwe hadi Dar mnayajua. Ndege nayo ni basi lenye chakula, na waliowahi kunitisha nayo niliwasamehe huko huko juu. Palipotukwamisha ni Istanbul. Tulishuka, ukungu ukashuka nyuma yetu, na ndege ya Birmingham ikaahirishwa mara nne.

Nilizunguka uwanja ule mpaka nikajua vyoo vyote. Niliuliza kila nilichokiona: ule mkanda wa mizigo unazungushwa na nini, yule paka analala uwanjani kwa ruhusa ya nani. Mwishowe nikakaa, nikawa najisemea peke yangu kwa Kiswahili. Sauti ikatoka nyuma.

"Wewe! Lete maji!"

Nikageuka. Alikuwa bibi mmoja wa Kikalasinga, mtandio mweupe kichwani, mkoba mkubwa mapajani. Nikaenda, nikaleta maji.

"Mimi nazaliwa Nakuru," akasema. "Baba yangu fundi ya reli. Sasa mimi Birmingham, miaka mingi sana. Wewe kula?"

Jina lake Mama Harbans. Akatoa mkobani chapati zilizokaangwa na achari ya limau, tukala. Kisha ikawa, "Wewe! Angalia ndege!" Nikaenda kuangalia. "Wewe! Beba hii!" Nikabeba. Kijana mmoja wa Kituruki akanijia pembeni akaniuliza kwa upole kama bosi wangu hunilipa vizuri.

Nikarudi nikakaa. "Mama Harbans, Kiswahili ulifundishwa na nani?"

"Mpishi yetu. Mzuri sana yule."

"Basi wewe unaongea kama ulivyokuwa unaongea na mpishi. Mtu mwingine tunamwambia, naomba maji, ndugu yangu."

Akafunga mkoba wake. Nilidhani nimemuudhi. "Maisha yote," akasema, "hakuna mtu alinirekebisha." Kisha akaanza kujifunza, kwa sauti, bila aibu. Ukungu ulipoinuka na sisi tukapanga foleni, alimgusa bega yule kijana wa Kituruki, akamwambia kwa Kiswahili safi, "Naomba unipishe, ndugu yangu." Kijana hakuelewa neno, lakini alipisha.

Balsall Heath kwa njia ya gereza

Zaina alikuwa amenisubiri uwanjani mpaka saa yake ya kazi ikafika, akaondoka na kuniachia ujumbe: panda treni mpaka katikati ya mji, halafu basi la kwenda Balsall Heath, kwa dereva sema jina la mtaa. Treni niliipata. Basi nalo nililipata, sema lilikuwa linakwenda upande mwingine kabisa. Nilikuwa juu, ghorofani, kiti cha mbele, naangalia mji. Nani angeshuka?

Niliposhuka nikakuta jengo kubwa la matofali lenye ukuta mrefu na lango zito. Mlango mdogo ukafunguka, akatoka mwanaume wa makamo amebeba vitu vyake kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha kila kitu ndani: soksi, barua, redio ndogo. Nikamsalimia, nikamuuliza kama hoteli ile ni ya bei sana.

Alicheka mpaka akakaa kwenye ukingo wa barabara. Watu wa Birmingham huyavuta maneno kama wanayaonea huruma, hivyo ilinichukua muda kumwelewa. "Ni hoteli," akasema, "ila usiombe chumba. Ndiyo natoka."

Lilikuwa gereza la mji, mtaa wa Winson Green. Nilimpa pole kwa ya ndani na hongera kwa ya nje, kisha nikampa kashata mbili kati ya zile nilizombebea dada. Alikula ya kwanza haraka, ya pili polepole. Kaka yake alikuja kumchukua na kigari kidogo, na wale ndugu wawili, waliokuwa hawajaonana muda wote huo, wakaanza kwanza kwa kunipeleka mimi Balsall Heath. Njiani walikuwa wakibishana ni duka gani la mtaa ule lenye kari nzuri. Yule aliyetoka ndani ndiye aliyeshinda.

Chakula cha kwanza

Kesho yake nikaingia mgahawani kama mteja. Anayehudumia meza ni Fidèle, mtu wa Lubumbashi. Tulipogundua kwamba najua mitaa yao, alinikumbatia na sinia mkononi.

Akaniletea nyama ya ng'ombe iliyochemshwa na pilipili kavu mpaka inachambuka yenyewe. Kule wanapika ng'ombe na kuku tu, kwa sababu wateja wengi wa mtaa ni Waislamu. Pembeni kulikuwa na tortila: chapati ndogo za mahindi, nyembamba, pana kama kiganja, za moto. Kulikuwa na vibakuli viwili vya pilipili, nyekundu na kijani.

"Kaka, hii ya rouge kula polepole," Fidèle akaniambia. "Ile ya kijani wachana nayo, vraiment."

Mimi niliyelelewa na pilipili kichaa? Nikachota ya kijani, kijiko kizima. Masikio yakafunguka, nikahisi nasikia treni zilizo bado London. Machozi yakanitoka, kamasi zikafuata, na wateja wawili wakaacha kula waangalie. Lakini mjue hivi: sikuomba maji. Nilingoja ikapita, nikachota tena.

Meza ya jirani alikaa dereva wa basi, mtu mnene mwenye sare. Nikaona si adabu kula huku ananitazama, nikamwonyesha sahani yangu, nikamwambia karibu. Kwetu ukimkaribisha mtu anakujibu asante, endelea, na heshima imekamilika pande zote mbili. Huyu alivuta kiti, akaja, akala nusu ya nyama yangu na kunisifu kwa ukarimu.

Zaina alikuwa anaona yote kupitia dirisha la jikoni, lile la kupitishia vyakula. "Hamisi!" akaniita huku anacheka. "Huku usimkaribishe mtu mpaka uwe umeshiba!"

Mama Lucha akaja kukaa nami. Ni mwanamke mfupi, nywele za mvi amezisuka, viganja vigumu kama vya mtu wa jembe. Aliangalia nilivyokuwa nakata tortila kwa mkono wa kulia na kufungia nyama. "Mdogo wako anajua kula," akamwambia Zaina. Kisha uso ukabadilika, akamweleza tena, nami nikiwapo, jinsi Jumamosi itakavyokuwa. Saa saba mchana atakaa meza ya dirishani na wenzake saba wa kwao. Atakula kama mteja. "Lakini nikiinuka kuingia jikoni kurekebisha jambo," akasema, "hata chumvi tu, basi nafunga. Na usinichukie."

"Sitakuchukia," dada akamjibu.

Nikamwona anasugua sufuria iliyokwisha kusuguliwa.

Jumamosi asubuhi

Ijumaa alasiri Zaina alichemsha sufuria kubwa ya mahindi meupe pamoja na chokaa, chokaa ya kula kama ile ya tambuu, akayafunika mpaka asubuhi. Hivyo ndivyo wafanyavyo Wameksiko. Chokaa hulainisha punje, na zikisagwa zinatoa donge linaloshikana bila kupasuka. Ndilo la tortila. Mlo wote wa Jumamosi ulisimama juu ya sufuria ile.

Saa moja asubuhi dada akaenda buchani kuchukua nyama aliyoagiza. Akaniambia, "Yale mahindi yasuuze mara moja tu, yachuje, yaache."

Nilimsikia. Sitaki mtu aseme sikusikia.

Nikafunua sufuria. Maji ya njano, mazito, yanavutika kama mlenda. Maganda yanaelea. Harufu ya ukuta uliopakwa chokaa jana. Nikamkumbuka mama yetu. Mama, kabla ya kupika makande, alikuwa anayasugua mahindi na kumwaga maji mpaka uweze kuona kucha zako chini ya sufuria. Mwanamke wa kwetu akipeleka motoni mahindi yenye maji machafu, majirani watalizungumza mpaka mavuno yajayo. Nikasema moyoni, dada ana mambo mengi, amesahau. Wacha nimpe zawadi.

Nikakunja mikono ya shati. Nilisugua kati ya viganja, nikamwaga maji, nikasugua tena. Mara saba. Maganda yote yakatoka. Mahindi yakawa meupe kama meno ya mtoto. Nikamwita Fidèle aje aone.

"Ah, kaka," akasema. "Iko propre, safi kabisa!"

Zaina akaingia na nyama begani. Akatia mkono sufuriani, akanusa vidole.

"Umeyaosha mara ngapi?"

"Saba," nikasema, nikingoja sifa.

Alisaga kiganja kimoja cha mahindi kwenye mashine, akakanda, akabana duara, akaweka kwenye chuma cha moto. Likapasuka vipande viwili. Akabana la pili. Vitatu.

"Ule utelezi ndio gundi," akasema, sauti ya chini. "Gundi yote umeimwaga kwenye mtaro wa Birmingham."

"Tuchemshe mengine."

"Yanataka usiku kucha."

"Unga wa paketi je?"

"Upo. Mama Lucha ataujua kwa harufu kabla haujafika mezani." Akakaa juu ya kreti la nyanya, bado na koti lake la baridi. "Jumatatu nitapiga simu ghalani."

Nimefukuzwa kazi katika nchi tatu, na kila mara nilitoka napiga mluzi. Siku ile sikuwa na mluzi. Nilisafiri nchi zote zile kumwona dada yangu akipewa jiko, na mimi ndiye niliyelimwaga. Kuomba radhi nikaona ni kitu kidogo mno. Nikabaki nayaangalia yale mahindi, na nikasema nilichokiona.

"Dada, haya ni mahindi ya makande."

"Hamisi, nyamaza."

"Nasema tu. Mama angeyaona angesema yako tayari."

Akainua kichwa. Kisha akainuka, akachukua punje moja, akaing'oa kwa ukucha kile kidomo cheusi cha mwisho, pale punje inaposhikwa na gunzi. Akaiinua kwenye mwanga.

"Wameksiko wana kitu," akasema. "Wanakiita posole."

Ni mchuzi wa nyama na mahindi mazima. Mama Lucha hakuwahi kuupika mgahawani, kwa sababu unakula nusu ya siku na wateja wa mjini wana haraka. Huupika kwake tu, sikukuu, na Zaina alimsaidia mara mbili. Kwa posole mahindi lazima yasuguliwe mpaka yabaki bila ganda hata moja. Halafu kila punje inang'olewa kidomo, ili ikiiva ifunuke sufuriani kama ua.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Saa mbili na robo."

Akavua koti. "Kaeni. Kila punje. Ukiruka moja, Hamisi, nakurudisha kwenye ile hoteli yako ya Winson Green."

Tukakaa, mimi na Fidèle, beseni katikati, tunang'oa vidomo. "Donc leo tunavua mahindi kofia," Fidèle akasema. Kucha zikaanza kuuma, hakuna aliyeacha. Zaina alikata nyama, akaitia motoni na vitunguu saumu. Akachukua pilipili ndefu kavu, rangi ya damu iliyokauka, akazichoma kwenye chuma kikavu mpaka sote watatu tukakohoa, akazisaga, akamimina sufuriani pamoja na mahindi yetu. Lile donge lililokataa kushikana alilikaanga vipande vigumu vya kutafuna pembeni. Kabichi akaichana nyembamba kama uzi, akakata figili na ndimu.

Saa tano punje zilikuwa bado zimefumba. Saa tano na nusu vilevile. Dada alisimama juu ya sufuria na mwiko, hatikisiki. Ilipokaribia saa sita na robo moja ikafunuka, ikafuata nyingine, na mara uso wote wa sufuria ukawa mweupe. Akaonja, akafumba macho, akaongeza chumvi kidogo. Hapo ndipo nilipoanza kuona fahari, kabla hata wageni hawajafika. Ni yule binti aliyekuwa anatumwa kukoboa mahindi kwa kinu, na sasa chumba kizima kilikuwa kinasubiri ulimi wake useme.

Meza ya dirishani

Walikuja saa saba kamili, Mama Lucha amevaa hereni. Walikaa, wakakunja mikono ya mashati, tayari kwa tortila. Zaina mwenyewe alipeleka bakuli la kwanza, akaliweka mbele ya Mama Lucha, akarudi jikoni bila kugeuka. Fidèle akapeleka mengine.

Sisi watatu tukabanana kwenye dirisha la jikoni, na Fidèle, mrefu kuliko sisi, akawa mtangazaji.

"Anaangalia. Haguse kijiko. Sasa anachukua mahindi moja na vidole. Anaangalia kitako yake."

Alikuwa anatafuta kidomo. Hakukiona. Akaila.

"Anakula," Fidèle akanong'ona. "Ameacha kula. Anaangalia nje. Ah, anakula tena."

Bibi mmoja mezani akajipangusa macho kwa kitambaa.

"Pilipili," nikasema.

"Si pilipili," dada akasema.

Kisha tukasikia kiti kinaburuzwa. Mama Lucha alikuwa amesimama. Alishika bakuli lake kwa mikono miwili na akaanza kuja, taratibu, kati ya meza, moja kwa moja kuelekea jikoni. Zaina akashika ukingo wa meza ya kukatia. "Imekwisha," akaniambia kwa Kisambaa.

Sikuweza kuvumilia. Nikasogea mlangoni, nikamwambia yule mama kwa Kiingereza changu cha barabarani kwamba kosa ni langu, dada aliniambia nisuuze mara moja, mimi nikaosha mara saba.

Akanitazama usoni. "Uliosha vizuri," akasema.

Akasimama pale pale kwenye kizingiti, ncha za viatu vyake hazikuvuka. Huo ni mlango wake, ameingia na kutoka hapo miaka yote. Akaugonga kwa kijiko, mara mbili, kama mgeni. Kisha akamwonyesha Zaina bakuli tupu.

"Imebaki?"

Dada yangu akafuta mikono kwenye aproni, akaja akasimama mbele yake, akalipokea lile bakuli.

"Wateja hawaruhusiwi jikoni, mama," akamwambia. "Rudi ukakae. Utaletewa."

Na Mama Lucha akageuka, akarudi kukaa.